Mizani ya Miili Yetu Isiwe ya Kuazima



Wale mnaokwenda Mwaloni Kirumba kununua dagaa au sato mnajua jinsi mambo yanavyokwenda pale. Kabla ya kutoa fedha, mama mwenye busara huitazama kwanza mizani. Akiwa na shaka huomba kiwekwe juu yake kitu ambacho uzito wake unajulikana, kwa mfano mfuko wa sukari wa kilo moja au jiwe la mizani lenye mhuri, aone mshale utasimama wapi. Hamwulizi muuzaji kama ni mwaminifu. Anaiuliza mizani yenyewe. Jambo hilo dogo la sokoni ndilo ninalotaka tuzungumze leo katika ukurasa wetu wa afya, ila kitakachowekwa kwenye mizani si samaki. Ni miguu yetu, mikono yetu, vichwa vya watoto wetu na shingo za binti zetu.

Nianze na mzee mmoja wa upande wa Igombe, mvuvi tangu ujana. Kisukari kilimletea kidonda kwenye wayo, kidonda kikakataa kupona, na mwishowe mguu ukakatwa chini ya goti. Baada ya kungoja kwa muda mrefu alipata mguu wa bandia. Nilipokwenda kumjulia hali miezi kadhaa baadaye, niliukuta mguu ule umetundikwa kwenye msumari ukutani, naye anatembelea magongo.

"Shikamoo mzee. Mbona mguu uko ukutani?"

"Marahaba mwanangu. Mguu huo ni mzito. Unanivuta kama nanga."

Nilikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile tunayopimia watoto kliniki. Tukautundika. Kilo mbili kasoro robo. Nikacheka kidogo, nikamweleza kwamba mguu wake wa kuzaliwa, kuanzia gotini hadi vidoleni, kwa mtu wa kilo 60 kama yeye, ulikuwa na zaidi ya kilo tatu na nusu. Huu wa bandia ni kama nusu yake tu! Mzee akanitazama kwa huruma. "Basi," akasema, "mizani yako haijui kutembea."

Maneno yale nimeyafikiri mara nyingi. Mzee hakuwa amekosea. Mimi ndiye niliyekosea, na nilikosea mara mbili.

Kwanza, nilijuaje uzito wa mguu ambao ulikwisha zikwa? Niliusoma katika jedwali. Wataalamu wanaochunguza mwendo wa mwili wa binadamu, elimu inayoitwa bayomekanika, hawawezi kumkata mtu aliye hai mguu wake wakauweka kwenye mizani. Kwa hiyo hutumia jedwali la asilimia. Mojawapo ya majedwali yanayotumika sana linasema hivi: kichwa pamoja na shingo ni kama asilimia 8 ya uzito wote wa mwili, kiwiliwili ni karibu nusu, mkono mmoja mzima ni asilimia 5, na mguu mmoja mzima ni asilimia 16. Katika hizo 16, paja ni 10, sehemu ya kutoka gotini hadi kwenye kifundo ni 4.65, na wayo ni 1.45. Jumlisha hizo mbili za mwisho upate 6.1, zidisha kwa kilo 60 za yule mzee, utapata kilo 3.66. Hesabu haina kosa. Kama jedwali linamhusu mzee wa Igombe au halimhusu, hilo ni swali jingine, nami nitalirudia.

Pili, nilidhani uzito ndio habari yote. Hebu ufanye jaribio hili nyumbani. Chukua jembe. Lishike karibu kabisa na chuma chake, ulipunge huku na huku. Ni jepesi. Sasa lishike mwisho wa mpini ulipunge tena. Jembe ni lilelile, mizani itasoma vilevile, lakini mkono wako utakupa habari nyingine. Kinachobadilika ni umbali wa ule uzito kutoka mahali unapozungukia, na umbali huo huingia katika hesabu mara mbili. Nusu kilo iliyoko sentimita 10 kutoka gotini, ukiihamishia sentimita 40 kutoka gotini, inakuwa ngumu kuzungusha si mara nne bali mara 16.

Ndiyo maana wataalamu hawaridhiki na namba moja kwa kila kiungo. Wanataka tatu: uzito wake, mahali kilipo kitovu cha uzito huo, yaani pale ambapo kiungo kingetulia kama kingewekwa juu ya ncha ya kisu, na ugumu wake wa kuzungushwa. Mizani yangu ya kliniki ilinipa ile ya kwanza tu. Mzee alikuwa akizungumzia nyingine mbili, kwa lugha yake.

Nilipochunguza zaidi niligundua mambo mawili. Kigutu kilikuwa kimesinyaa, kama vigutu vingi vinavyosinyaa katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo kikombe cha mguu wa bandia kilikuwa kimelegea na kila hatua mguu ulikuwa ukining'inia kabla ya kuinuka. Tena mzee alikuwa akiuvalisha buti la mpira la kuendea mwaloni. Buti lenye tope lilikaribia kilo moja na robo, nalo liko mwisho kabisa wa mguu, mahali pabaya kuliko pote. Mwaka 1969 watafiti wa jeshi la Marekani walipima gharama ya kubeba mizigo kichwani, mikononi na miguuni. Waliona kwamba kilo moja iliyofungwa miguuni hugharimu nguvu mara nne hadi sita kuliko kilo moja ya mwili wenyewe, wakati ile ya kichwani huzidi kidogo tu. Kwa hiyo mzee alikuwa anavuta nanga kweli. Fundi alikaza kikombe, mzee akabadili buti kwa kiatu chepesi, na siku hizi kilichotundikwa kwenye ule msumari ni wavu.

Usifikiri pia kwamba dawa ni kutengeneza mguu wa bandia ulio sawasawa na ule uliokatwa kwa uzito na kwa mpangilio wake. Hilo lilijaribiwa Marekani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba mguu wa bandia ulipoongezewa uzito hadi ulingane na mwenzake mzima, watu walitembea kwa kuchechemea zaidi na walichoka zaidi. Mguu wa bandia hauna misuli ya kujisukuma mwenyewe. Nalitaja hili kwa sababu huwa tunaamini kwamba namba ikishalingana, kazi imekwisha.

Namba zilitoka wapi

Sasa turudi kwenye lile jedwali. Historia yake ni ndefu, nami nitapita haraka mpaka pale panapotuhusu.

Mtaliano Giovanni Borelli, aliyefariki Roma mwaka 1679 akiwa anaishi kwa mapadre Wapiarista, alimlaza mtu juu ya ubao uliowekwa kwenye kabari, akausogeza mpaka ubao ukatulia pasipo kuelemea upande wowote. Hivyo akapata kitovu cha uzito wa mwili mzima. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1680. Miaka mia mbili baadaye, mwaka 1889, Wajerumani wawili, Braune na Fischer, waligandisha maiti kwa baridi kali, wakazikata kwa msumeno kwenye viungo na kupima kila kipande. Maiti zilikuwa tatu. Na kwa nini walifanya kazi hiyo ya kutisha? Walitaka kujua askari wa Kijerumani wa miguu abebe vipi shanta yake na bunduki yake bila kupoteza mizani ya mwili.

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya njia. Katika miaka hiyohiyo maelfu ya wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma wengi kati yao, walikuwa wakitembea kati ya nchi zetu hizi na pwani, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 30. Pale kwenye misafara kilichowekwa kwenye mizani kilikuwa mzigo. Askari wa Ulaya alipimiwa mwili ili mzigo umfae. Mpagazi alipimiwa mzigo ili mwili wake uufae. Sioni kama tumeachana na desturi hiyo.

Mwaka 1955 Mmarekani Dempster, kwa ajili ya jeshi la anga la nchi yake lililotaka kutengeneza viti vya marubani, alipima maiti nane. Zote zilikuwa za wanaume, na wote walikuwa watu wazima sana au wazee. Zile asilimia nilizomsomea mzee wa Igombe zinatokana na maiti hizo nane. Mwaka 1969 Marekani walipima nyingine 13. Kisha mwaka 1983 Zatsiorsky na Seluyanov, huko Moscow, walichapisha vipimo vya watu walio hai. Waliwalaza chini ya chombo chenye mionzi ya gama, na kadiri mionzi ilivyopungua nguvu kwa kupita mwilini, ndivyo walivyojua mahali hapo pana nyama na mfupa kiasi gani. Walipima vijana wa kiume 100. Wanawake walikuwa 15.

Ukiyaweka majedwali hayo mawili pamoja utashangaa. La maiti nane linasema paja ni asilimia 10 ya mwili. La vijana wa Moscow, hata baada ya kurekebishwa mwaka 1996 ili litumike kwa urahisi zaidi, linasema paja la mwanamume ni asilimia 14 na la mwanamke karibu 15. Kwa mtu wa kilo 60 tofauti hiyo ni kilo mbili na nusu, sawa na jogoo mzima! Nani anasema kweli? Wote wawili, kwa namna yao. Wazee waliofariki wamekwisha poteza misuli ya mapaja, na vijana wanamichezo wanayo tele. Lakini sababu kubwa zaidi ni mahali walipokata: nyonga si kiungo chenye mstari uliochorwa, na huyu ameita paja nyama ambayo yule ameiita kiwiliwili. Kwa hiyo anayechukua namba kutoka kwa mmoja na kipimo cha urefu kutoka kwa mwingine amejenga nyumba kwa futi mbili zisizolingana.

Na sisi tumo wapi humo? Katika majedwali hayo hamna mama wa Sengerema, hamna kijana wa Ukerewe anayevuta nyavu usiku kucha, hamna mtoto wa Magu. Wapimaji wa miili ya watu wamejua kwa muda mrefu kwamba, kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika wana miguu mirefu zaidi wakilinganishwa na kiwiliwili chao kuliko watu wenye asili ya Ulaya. Si ubora wala upungufu, ni umbo tu. Lakini umbo hilo ndilo linaloamua kitovu cha uzito kitakaa wapi na mguu utapepea vipi. Kumkadiria mvuvi wetu kwa mwili wa mzee wa Kimarekani aliyefariki miaka ya hamsini ni kumshonea suti kwa vipimo vya jirani.

Kupima kipimo

Kuna watu watakaosema: basi tupime wenyewe, yaishe. Naam, tupime. Lakini kupima bila kuhakikisha kipimo ni kujidanganya, na hapa ndipo ninapomrudia yule mama wa Mwaloni.

Chukua ubao wa mita mbili. Upande mmoja uegemeze kwenye kipande cha chuma, upande wa pili uuweke juu ya mizani. Mama wa kilo 60 mwenye urefu wa sentimita 160 alale chali, nyayo zake zikiwa sawa na kile chuma. Ukitoa uzito wa ubao, mizani isome kilo 26.4. Zidisha kwa mita mbili, gawanya kwa 60, utapata sentimita 88 kutoka nyayoni. Hapo ndipo kitovu chake cha uzito kilipo, asilimia 55 ya urefu wake, chini kidogo ya kitovu cha kuzaliwa. Ni kipimo kizuri, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kukifanya.

Sasa mwambie anyooshe mkono mmoja juu ya kichwa. Mkono huo, kama una kilo tatu na kitovu chake kimesogea sentimita 60, utaongeza usomaji wa mizani kwa gramu 900 tu. Mizani nyingi za bafuni hukosea nusu kilo bila aibu. Zaidi ya nusu ya jibu lako itakuwa makosa ya mizani! Tena kuna mtego mwingine: njia hii inakupa uzito wa mkono uliozidishwa kwa umbali uliosogea. Huwezi kuujua uzito kama hujaujua umbali, na huwezi kuujua umbali bila kitovu cha mkono, ambacho ndicho ulichokuwa unakitafuta. Wengi hutoka kwenye mtego huo kwa kurudi kuazima namba ya Dempster, halafu wanasema wamepima.

Njia ya pili ni pipa. Jaza maji hadi ukingoni, zamisha mguu polepole hadi gotini, pima maji yaliyomwagika. Kwa mtu wa kilo 60 tarajia lita tatu na theluthi hivi. Kwa kuwa mguu wa chini una mfupa mwingi, kila lita yake ni nzito kuliko lita ya maji kwa karibu asilimia 9. Watoto hufurahia sana jaribio hili. Nayo ina udhaifu wake: inapima ukubwa, si uzito, na uzito wa kila lita inabidi uutoe mahali fulani.

Sasa, mtu atajuaje kama njia yake ni ya kweli? Kuna mitihani ambayo haihitaji fedha nyingi. Mmoja ni ule wa sukari. Mfunge mtu mfuko wa kilo moja kwenye kigasha, pima upya, uone kama njia yako itaiona kilo moja, si gramu 700 wala kilo moja na nusu. Isipoiona, usituletee habari za mkono. Mwingine naupenda zaidi kwa sababu unafaa kwetu kwenye miamba. Mtoto anaporuka kutoka jiwe hadi majini, akiwa hewani anaweza kurusha mikono, kukunja magoti, kujipindua, lakini kitovu chake cha uzito hakina hiari: lazima mwendo wake wa kushuka uongezeke kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, kama jiwe. Mpige picha za video, tumia jedwali lako kukokotoa kitovu chake katika kila picha. Kama kitovu hicho kinaonekana kupanda na kushuka ovyo hewani, basi mtoto hana kosa na dunia haina kosa. Jedwali ndilo lenye kosa.

Ndoo kichwani

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu ya jambo ambalo nimelisikia barazani zaidi ya mara moja, na linaniudhi.

Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wenzake wa Marekani na Italia walichapisha utafiti uliosomwa duniani kote. Waliwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso, wakiangalia hewa wanayoitumia wanapotembea na mizigo. Waliona kwamba mwanamke anaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wake bila kuongeza matumizi ya nguvu hata kidogo. Mzigo ukizidi hapo, gharama huanza kupanda. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza sababu. Mtu anapotembea, mwili hupanda na kushuka juu ya mguu kama bembea iliyopinduliwa, na sehemu ya nguvu hupotea katika kila hatua. Wanawake hao, wakiwa na mzigo, waliipoteza kidogo zaidi kuliko sisi wengine. Ni ustadi wa ajabu, na mimi ninawavulia kofia.

Lakini tazama kilichofuata. Kutoka wanawake wachache waliopimwa, watu wakafanya kanuni: mwanamke wa Kiafrika hachoki, ameumbwa kubeba. Sasa nani aliipima mizani hiyo? Afrika Kusini walifanya hivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yaliwalinganisha wanawake wa Kiafrika wenye uzoefu mkubwa wa kubeba kichwani, wengine wasio na uzoefu huo, na wa Ulaya. Unafuu ule haukuonekana kwa wote. Walitofautiana sana mmoja na mwingine, kuzoea peke yake hakukuwapa nafuu, na shingo zilikuwa zikiuma. Na shingo ndiyo hasa. Kule Sierra Leone, picha za eksirei zilizochapishwa mwaka 1997 zilionyesha kwamba wabeba mizigo kichwani wana uchakavu wa pingili za shingo zaidi kuliko wenzao wasiobeba. Hewa unayovuta inaweza kuwa ileile huku mfupa unalika. Ni vipimo viwili tofauti, na mmoja hauwezi kumjibia mwenzake.

Hata tukiikubali ile asilimia 20 kama ilivyo, tufanye hesabu yake hapa. Ndoo ya lita 20 ikijaa, pamoja na ndoo yenyewe, ni kama kilo 21. Mama wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Kwa hiyo anayepanda nayo kwenye miamba ya Igogo au Mabatini, mahali ambapo bomba halijafika mlangoni, amebeba asilimia 35. Na wale waliopimwa walitembea mahali tambarare, hawakupanda mlima. Binti wa miaka kumi mwenye kilo 30, asilimia 20 yake ni kilo 6. Ukimtwisha ndoo hiyohiyo umempa asilimia 70 ya mwili wake. Kichwa na shingo ya mama yake vina kama kilo tano, na ndoo ni zaidi ya mara nne ya hapo. Mifupa ya binti bado inakua, na hayumo katika utafiti wowote kati ya hizo nilizotaja. Anayesema "bibi yake alibeba hivyohivyo" aende akamwulize bibi huyo shingo yake inaendeleaje.

Na tukiwa bado kwenye ndoo. Kichwa cha mtoto anayezaliwa ni robo ya urefu wake. Cha mtu mzima ni kama moja ya saba na nusu. Mtoto anayeanza kutembea bado yuko karibu zaidi na yule wa kuzaliwa, kwa hiyo kitovu chake cha uzito kiko juu. Akiinamia ndoo au beseni lenye maji kuchungulia, kichwa kinamtangulia na miguu yake haina uzito wa kumrudisha. Anazama ndani ya maji yasiyofika magotini mwa dada yake, tena kimyakimya. Akina mama, maji ya kufulia yakishatumika yamwagwe saa hiyohiyo, na ndoo ya akiba ifunikwe kwa kifuniko kinachobana. Kwa nyumba zilizo ufukweni hatari ni ileile kwenye mitumbwi iliyovutwa nchi kavu ikiwa na maji ndani.

Najua nitaambiwa kwamba Kanda ya Ziwa ina malaria, ina kichocho, ina wagonjwa wanaolala wawili kitanda kimoja, na mimi naongea habari za mbao na mapipa. Ninakubali kwamba haya si ya kwanza katika foleni. Lakini hayahitaji kungoja foleni iishe. Bugando ni hospitali ya rufaa tangu mwaka 1971, na siku hizi pana chuo kikuu cha sayansi za afya mlimani hapohapo. Moshi, kwenye eneo la KCMC, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza mwaka 1981 na kinachosomesha vijana wa nchi nyingi za Afrika. Wanafunzi wapo, na wagonjwa wanaovaa miguu ya bandia wapo. Hatuhitaji kukata maiti ya mtu. Watu wetu wasingekubali, nami ningekuwa wa kwanza kukataa. Walio hai wapimwe kwa ridhaa yao, kwa ubao, kwa maji, kwa picha, na pale mashine kubwa zilipo, kwa mashine. Wapimwe wanawake wengi kuliko 15. Wapimwe watoto. Na kila njia ifanyiwe ule mtihani wa sukari kabla ya namba zake kuchapishwa, kisha waliopimwa waambiwe kilichoonekana.

Fundi anayekukabidhi mguu wa bandia, mwombe aupime mbele yako akiwa ameuvalisha kiatu utakachovaa wewe, na akuonyeshe unapoelemea. Rudi kwake baada ya miezi mitatu hata kama hauumi, maana kigutu kitakuwa kimebadilika.

Nyumbani, mzazi, mizani ya dukani inatosha. Mpime mtoto, gawanya kwa tano, na jibu ndilo jumla ya maji na chombo anachoweza kutwishwa, basi. Kwa mtoto wa kilo 30 ni dumu la lita tano. Atakwenda mara nyingi zaidi kisimani, ni kweli, kwa hiyo kaka zake nao waende.